Bi Sikudhani na Jiwe la Ng'ambo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanapika, na kugombana juu ya nani awaongoze, aliishi digidigi mmoja jike, mdogo, miguu kama vijiti. Jina lake Bi Sikudhani. Sogeeni karibu, maana mwenyewe alikuwa na sauti ndogo.

Aliishi peke yake, na si kwa kupenda. Mumewe, Fumo, alikwenda vitani siku ile fisi walipotaka kuvuka mto waliteke Bonde. Mvua ilinyesha, mto ukafurika, fisi wakaenda zao. Wapiganaji wakarudi wakiimba, Kapteni Nyati akiwa mbele, Luteni Pofu, mnyama mkubwa wa pembe ndefu, nyuma yake.

Bi Sikudhani aliwakimbilia njiani. "Kapteni! Fumo yuko wapi?"

Nyati akatazama pembeni. Kisha akasema kwa sauti kubwa ili wote wasikie: "Mumeo alitoroka. Nilimwona kwa macho yangu kule ng'ambo akikimbia. Sisi tumevuka mto, tumewatimua fisi, yeye alikimbia waliposikika mara ya kwanza."

Basi. Tangu siku hiyo Bi Sikudhani akawa mke wa mtoro.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu kutukanwa. Akifika kisimani, waliokuwa wakicheka wananyamaza, wanajitwisha ndoo zao na kuondoka. Akisema "Hamjambo?" wanaitazama njia kama vile salamu imetoka kwenye majani. Chama cha Pembe, chama cha mumewe, kikamfutia uanachama. "Wewe mwenyewe huna pembe," Katibu Tandala alimwambia, "na mwenye pembe amekimbia. Tukuweke wapi?"

Majani yakaota mbele ya mlango wake kwa kukosa wageni. Jioni alipika chakula cha wawili, kwa mazoea, akala nusu na kuitazama nusu nyingine ikipoa. Siku nyingine ilipita nzima bila kusema neno, hata akitaka kuzungumza ilimbidi akohoe kwanza, khe khe, kuiamsha sauti.

Jambo moja tu alilitaka: kuvuka mto, akajionee mwenyewe alikopotelea Fumo. Fumo alivuka kwa kupita juu ya gogo, na mafuriko yakalichukua gogo. Maji ya kivukoni hata wakati wa kiangazi yalimfika Nyati tumboni. Digidigi angezama kama kokoto. Alimwomba Kapteni amvushe. "Kule hakuna cha kutazama," akajibiwa. Akawaomba wengine. Wote walisema fisi huenda bado wamejificha huko.

Miaka ikapita. Ukafika wakati wa kumchagua Mkuu wa Bonde. Chama cha Kucha kilishampata mgombea wake, Chui. Chama cha Pembe kikaitisha kura za mchujo, na waliojitokeza ni wawili: Kapteni Nyati na Luteni Pofu. Kila mmoja alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza alivyopigana. Nyumba ya Bi Sikudhani waliiruka.

Siku moja asubuhi akaenda mwenyewe kwa Nyati. Alimkuta uani, anapakwa mafuta kwenye pembe.

"Khe khe. Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba," Nyati akaitika bila kugeuka. "Unataka nini? Huna kura wewe."

"Sina kura, ila nina masikio. Watu wanasema Luteni Pofu ndiye aliyefika mbali zaidi ng'ambo ya mto. Wanasema aliliona lile jiwe."

Mkia wa Nyati ukasimama. "Jiwe?"

"Lile jiwe, Kapteni. Wewe uliyefika huko unalijua kuliko mimi."

"Aa! Lile jiwe!" Nyati akacheka, hoo hoo hoo. "Nani asiyelijua?"

"Lile jeusi..."

"Jeusi tititi!"

"Linalolia kama ngoma ukiligonga."

"Linalia, mama! Nililigonga kwa pembe, ti-ti-ti, fisi wakadhani ni jeshi zima!" Sasa macho yalimng'aa. "Lipo karibu tu na maji, sivyo? Namaanisha... nakumbuka lipo karibu na maji."

"Kama unavyokumbuka, ndivyo," akasema Bi Sikudhani. "Nilitaka tu kukuonya. Mwenzako asije akakutangulia kulitaja."

Akatoka hapo, tipu tipu tipu, moja kwa moja mpaka kwa Luteni Pofu. Akamwambia vilevile.

"Nyati?" Pofu akaruka. "Nyati aliliona jiwe? Mwongo! Mimi ndiye niliyelipanda! Nilisimama juu yake!"

"Ndivyo nilivyofikiri," Bi Sikudhani akasema, akaaga.

Njiani kurudi hakuna aliyemsalimu. Hakujali sana siku hiyo. Lakini alipofunga mlango wake, hakuwa na wa kumwambia alichofanya.

Siku ya kura uwanja ulijaa. Swala, kongoni, mbuzi mawe, kuro, kila mwenye pembe alikuwepo. Katibu Tandala akapanda jukwaani.

"Pembe!"

"Juuuu!"

"Pembe!"

"Juuuu!"

Akasimama Kapteni Nyati. "Ndugu wanachama! Nilivuka mto peke yangu! Fisi huku, fisi kule! Nikalifikia lile jiwe jeusi, nikaligonga, ti-ti-ti, likalia kama ngoma, wakakimbia wote!"

"Hoiyee!" uwanja ukaitika.

"Uongo!" Luteni Pofu akaruka jukwaani, puu! "Jiwe nililipanda mimi! Kubwa kama nyumba!"

"Kama nyumba? Dogo lile, kama kigoda!"

"Kigoda! Hukuliona wewe!"

"Mimi? Mimi niseme sikuliona jiwe langu?"

Pembe zikagongana, ka! Jukwaa likayumba. Katibu Tandala akapiga kelele: "Jamani! Jamani! Mambo ya chama yaishie ndani ya chama! Chama cha Kucha wanatusikia!"

Nyuma kabisa mtu akakohoa. Khe khe.

"Kwani jiwe limehama?" akauliza Bi Sikudhani. "Twendeni tukalione. Atakayetuonyesha ndiye aliyefika."

Kisha kongoni mmoja akasema, "Maneno hayo." Mwingine akasema, "Twendeni!" Mara uwanja mzima, "Twendeni! Twendeni!" Na Nyati na Pofu wakatimua mbio, kila mmoja akiogopa mwenzake asije akafika wa kwanza. Maana kila mmoja, kwa kusikia linasemwa, aliamini jiwe lipo.

Kivukoni Bi Sikudhani akamsogelea Nyati. "Kapteni, miguu yangu haifiki chini. Nibebe, nami nitakuwa shahidi wako."

Nyati alikuwa na haraka. "Panda, panda upesi!"

Chubwi! Akaingia majini, na wengine wakafuata, wakubwa wakiwabeba wadogo. Bi Sikudhani alishika manyoya ya shingo kwa meno, macho wazi, akiiona ng'ambo ikimjia. Alilia kidogo. Hakuna aliyemwona, wote walikuwa wanatazama mbele.

Walipotoka majini, Nyati akaenda kulia. Hakuna jiwe jeusi. Akaenda kushoto. Hakuna. Pofu akapanda kichuguu, akachungulia, akashuka. Hakuna.

"Lilikuwa hapa hapa," Nyati akasema. Akaokota jiwe la kijivu, akaligonga kwa pembe. Ko. Akagonga jingine. Ko.

"Si hilo!" Pofu akasema. Akagonga la kwake. Ko.

Ko. Ko. Ko. Wanachama wakaanza kucheka, mwanzo kwa kuficha midomo, halafu waziwazi, kwa, kwa, kwa, mpaka wengine wakakaa chini.

Bi Sikudhani hakucheka. "Acheni kugonga," akasema. "Jiwe hilo halipo. Nililitunga mimi, nyumbani kwangu, nikiwa peke yangu."

Kicheko kikakatika.

"Kapteni, hukufika huku. Hujawahi kufika huku. Sasa niambie, mimi na hawa wote: kama hukufika, ulimwonaje mume wangu akikimbia?"

Maji yalimdondoka Nyati tumboni, do, do, do. Lile dume kubwa likawa linatazama kwato zake.

"Tulikuwa kwenye mafunjo, upande wa nyumbani," akasema hatimaye.

"Wewe na nani?"

"Mimi na Pofu, wengine tuliwaacha nyuma. Tulijificha. Pofu alikuwa ananisukuma nimwachie nafasi."

"Ala! Unanitaja!" Pofu akasema, lakini hakukana.

"Fumo tulimtuma akawapeleleze fisi," Nyati akaendelea. "Tulimwahidi tutamngoja kivukoni. Maji yakaja, gogo likaondoka. Akarudi, akasimama ukingoni upande huu, akatuita."

"Aliita nini?"

"Majina yetu."

"Mara nyingi?"

Nyati akageuka kuyatazama yale mafunjo.

"Na ukaniambia alitoroka."

"Ningewaambia nini watu, mama? Kwamba tulimsikia?"

Bi Sikudhani akageuka, akaenda taratibu kandokando ya maji, akitazama chini ya kila kichaka. Chini ya mgunga mdogo, hatua chache tu kutoka kivukoni, akasimama. Palikuwa na mifupa midogo, myeupe kwa jua, na pembe mbili fupi, kali kama miiba. Kabla ya kwenda zao, fisi walikuwa wamekuja nyuma yake, na yeye hakuondoka. Kichwa kilikuwa kimeelekea mtoni, upande wa nyumbani.

"Nimekuja," Bi Sikudhani akasema. Safari hii sauti haikuhitaji kuamshwa.

Wanachama walisogea, wakainamisha pembe kwa heshima. Swala mmoja, jirani yake wa kisimani, akasema, "Mama, tusamehe." Mwingine akasema atamletea unga. Katibu Tandala akatangaza kuwa uanachama wa Bi Sikudhani umerudishwa, papo hapo, na akauliza kama angependa kugombea.

"Hapana," akasema. "Asante. Niacheni kidogo."

Wakamwacha. Jua lilikuwa linashuka, na chama hakikuwa na mgombea, Chui angecheka. Wakavuka kurudi, mmoja mmoja, Pofu naye akiwemo, chubwi, chubwi, wakinong'ona, kisha wakizungumza, kisha wakibishana. Walipofika upande wa pili walikuwa wameshasahau kutazama nyuma. Haukupita muda zikasikika kelele kutoka uwanjani: "Kongoni! Kongoni!" Na sauti ya Kongoni ikawaeleza wanachama kwamba babu yake naye, kama hawakuwa wakijua, alikuwa askari hodari.

Ng'ambo walibaki wawili. Bi Sikudhani chini ya mgunga, na Nyati amesimama majini, mbali kidogo, hajui aende wapi. Hakuna aliyemwita huko uwanjani, wala huku.

"Mama," akasema baadaye, "kiza kitaingia. Nikuvushe?"

"Bado."

"Nikungoje?"

Bi Sikudhani alimtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Alikuwa ameyapanga miaka yote ile mbele ya chungu chake. Hakuyasema.

"Ngoja," akasema.

Akaanza kuchimba kwa kwato zake ndogo, kru, kru, kru. Ardhi ilikuwa ngumu. Nyati hakuthubutu kusogea kumsaidia, naye hakumwomba. Alichimba mpaka shimo likatosha, akamlaza mumewe, akamfukia, akakaa kando yake.

Na Nyati, wanangu, akangoja.

Hadithi yangu nimeitua hapa, na funzo lake ni hili: anayejivika ushujaa asiokuwa nao humvua mwenzake aliyekuwa nao.