Mti wa Ngwali na Sheria ya Kuonja

Hapo zamani, katika mji wa Kiwangwani, palikuwa na mtu mmoja jina lake Ngwali, fukara wa kutupwa, ambaye mali yake yote ilikuwa kanzu moja, mke mmoja, na mti mmoja uliokuwa uani kwake. Kanzu ilikuwa na viraka, mke alikuwa na ulimi, na mti, basi, huo mti ndio uliotuletea habari hii.

Mti wenyewe haukuwa wa kwetu. Uliletwa na baharia mmoja wa Kireno aliyeshikwa na homa pale mjini, akauguzwa na bibi yake Ngwali kwa uji na kukandwa kwa maji baridi. Alipopona akatoa kokwa mfukoni, akasema, "Mama, mti huu waitwa jabotikaba. Huko Barazili hata mapadri wanaukimbilia. Upande, ule matunda yake." Bibi akapanda. Lakini baharia alisahau kumwambia, au alimficha kusudi, maana wanaume ndivyo walivyo, ya kwamba mti ule hukua kwa uvivu usio na mfano. Bibi akafa hajaona hata ua. Mama yake Ngwali akaurithi, akaumwagilia mpaka akazeeka, akafa, naye hakuona kitu. Ikawa watu wakipita wanamcheka Ngwali, "Mti tasa huo! Ukate upate kuni." Naye akiwajibu, "Hauna haraka, nami sina haraka. Tumepatana."

Tena ulikuwa mlafi wa maji, hauna mfano. Basi wanawake wa mtaa ule wakawa na desturi: kila aoshaye mchele huuchukua ukosha wake, yale maji ya kuoshea, akaja kuumwaga shinani. Si kwa huruma, nisiseme uongo. Ile ndiyo ilikuwa njia ya kusimama uani kwa Ngwali na kupata habari za mji: nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kapika nyama na sikukuu bado. Ukosha ukimwagwa na umbeya ukimwagwa, na mti ukanywa vyote viwili.

Basi mwaka mmoja, masika yalipokwisha, watu waliamka wakaona shina limejaa maua meupe, kana kwamba mtu amelipaka nazi iliyokunwa. Si matawini, la, kwenye gome lenyewe, toka mizizini hadi juu. Maua yakageuka matunda, meusi, yanang'aa, yamelishika gome kama kupe walivyomshika ng'ombe. Mize, mkewe Ngwali, alipoyaona alipiga yowe, "Ngwali! Toka huko ndani! Mti wako umeota ndui!"

Ngwali akatoka anajikuna, akachuma moja, akalibana kwa meno. Ganda likapasuka, na nyama yake, nyeupe kama dafu changa, ikateleza yote kwa mara moja mpaka kooni. Akafumba macho.

"Wafa?" akauliza Mize.

"Sifi, mke wangu. Nipe nafasi."

Siku ile mtaa mzima ulihamia uani. Na matunda yale yalikuwa na tabia moja: ukiyachuma ukayaweka ndani, kesho yake yamekwisha chacha, yamekuwa kama tembo la mnazi. Kwa hiyo hayakufaa kuuzwa wala kufichwa kabatini. Mwenye kuyataka sharti aje mwenyewe, asimame mbele ya shina, achume ale papo hapo, ateme ganda. Wakala, wakacheka, midomo ikawa ya zambarau, na watu waliokuwa hawasemezani wakajikuta wamesimama bega kwa bega.

Sasa mji ule ulikuwa na Sultani, jina lake Ghalibu, naye alikuwa na waziri aitwaye Hatimu, mtu ambaye hakupata kusikia jambo jema bila kwenda kulisema mahali pabaya. Akaenda akamwambia, "Maulana, raia wako wanakula kitu ambacho wewe hujakila."

Sultani akaketi wima. "Kitu gani?"

"Tunda, Maulana. Jeusi. Nasikia mtu akilila hufumba macho."

Sultani hakuuliza la pili. Jioni haijaingia, askari wenye mikuki walikuwa wameuzunguka mti, na Ngwali ameitwa kasrini.

Alimkuta Sultani yuko mezani, chakula cha mchana bado mbele yake. Na hapa sharti niwaeleze jambo la nyumba ile. Ami yake Sultani alikufa ghafla baada ya kula. Wenye kumjua walisema amekufa kwa shibe, maana alikula mbuzi mzima pamoja na mchuzi wake, lakini Ghalibu alishika kwamba ni sumu. Tangu hapo akaweka sheria, na Waziri Hatimu akaiandika kwa mkono wake, nayo yasema: hakitaingia kinywani mwa Sultani kitu chochote ila kwanza kionjwe, mbele ya macho yake, na kila mtu ambaye mkono wake umekitumikia. Basi Ngwali akasimama pale anatazama. Mpishi akaja, akala tonge. Mkata vitunguu akala tonge. Mchota maji, mpepea moto, mbeba sinia, kila mmoja tonge lake. Sultani akapata pilau imeganda mafuta, naye anaila kwa fahari kubwa.

Alipomaliza akasema, "Ewe Ngwali, mti ulio uani kwako ni wangu."

"Maulana, ulipandwa na bibi yangu."

"Bibi yako alipanda katika ardhi yangu. Sikiliza. Kesho nitakuja mwenyewe, maana naambiwa matunda hayo hayasafiri. Nitakula pale pale mtini, na hapana mtu atakayekula isipokuwa mimi na wale walioamriwa na sheria. Nikila nikashiba, mti utang'olewa, upandwe hapa kasrini, nami nile bila kutembea."

Ngwali akapiga magoti. "Maulana, mti huu mizizi yake ni laini kama nywele za mtoto. Ukiung'oa utakufa."

"Ukifa kwangu, utakuwa umekufa kwa heshima."

"Maulana, watu watatu wa nyumba yetu wameulea, na wa kwanza kuonja ni mimi, tena juzi tu."

"Basi wewe una bahati kuliko wazee wako. Tena wewe ndiwe utakayesimamia uonjaji. Sheria yangu itimizwe kama ilivyoandikwa. Ikipungua hata chembe, kichwa chako na kiwiliwili chako havitalala kitanda kimoja. Umefahamu?"

Ngwali akayageuza maneno yale moyoni. Sultani akishiba, mti umekufa. Sheria ikivunjwa, amekufa yeye. Kisha akaitazama ile sinia iliyokuwa ikitolewa, tupu kabisa, na mbebaji wake anajipangusa midomo. Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akasema, "Nimefahamu vyema, Maulana. Haitapungua hata chembe."

Alipofika nyumbani Mize alikuwa anamngoja mlangoni. "Wamesemaje?"

"Sultani atakuja kula kesho."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema karibu."

"Karibu! Mwanamume mzima! Ungelia!"

"Nililia. Lakini mtu anayeonjewa chakula hasikii. Hebu kaa, mke wangu, acha kunipigia kelele, uniambie: katika mtaa huu, nani hajapata kumwaga ukosha kwenye mti wetu?"

Mize akafikiri, akahesabu kwa vidole, akaacha. "Hakuna. Labda yule Bi Time, naye ni kwa sababu hali wali, anakula mihogo. Lakini alileta samadi ya kuku."

"Basi nenda kawaambie wote, na Bi Time, kesho waje wakiwa na njaa."

Kesho yake pembe ya siwa ikalia, Sultani akaja na joho lake la zari, na kiti chake kimebebwa na watu wanne, kikawekwa mbele ya shina. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Mpiga mbiu akaisoma sheria kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, na Waziri Hatimu akawa anatikisa kichwa kwa kuyapenda maneno yake mwenyewe.

Ngwali akachuma tunda la kwanza, jeusi, limejaa. Akaliinua watu walione. "Maulana, tunda hili nimelitumikia mimi, kwa urithi wa bibi na mama." Akalitia kinywani. Likapasuka, likateleza, likaenda. Akafumba macho kidogo, akasema, "Halina sumu."

Sultani akanyosha mkono. "Lilete."

"Limekwisha onjwa, Maulana."

"Liko wapi?"

"Maulana, liko mahali palipoliona kuwa halina sumu."

Watu wakaziba midomo kwa kanga. Sultani akasema, "Chuma jingine, mpumbavu wewe!"

Ngwali akachuma. "Hili nalo halijaonjwa, Maulana. Lile lilikuwa safi, lakini nani ajuaye habari za hili? Bi Time, sogea. Huyu ndiye wa samadi."

Bi Time, mwanamke wa miaka mingi na meno machache, akalipokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akalifyonza kwa mlio uliosikika mpaka barabarani. "Safi," akasema. "Lakini ulimi wangu umezeeka, Maulana. Ningeongeza moja kwa hakika."

"Waziri!" Sultani akafoka. "Mwonyeshe mjinga huyu jinsi ya kuonja. Mtu huuma nusu, akaacha nusu!"

Waziri Hatimu akasogea kwa madaha, akachuma tunda, akaliuma nusu kwa meno ya mbele. Nyama yote ikateleza kama samaki, ikamwingia kooni, mkononi likabaki ganda tupu, na maji ya zambarau yakaruka yakatua kwenye joho la zari la Sultani. Akameza. Akapepesa macho. "Samahani, Maulana, limeniponyoka. Hebu nijaribu tena." Akajaribu tena, likamponyoka. Akajaribu tena, na hapo kila mtu aliona kwamba hakuwa anajaribu kwa bidii.

"Leteni kisu!" Wakaleta kisu. Kisu kilipogusa ganda, tunda likafyatuka, likaanguka kwenye vumbi, kuku akaondoka nalo.

Sultani akasema, "Basi. Mmoja akiisha onja, yatosha. Haya mengine nipeni."

Ngwali akapiga magoti tena. "Maulana, mimi sisomi sana, lakini nimesikia mbiu sasa hivi. Imesema kila mtu ambaye mkono wake umekitumikia. Haikusema mmoja. Ukiniamuru niivunje nitaivunja, ila naomba kwanza unioneshe pa kukilaza kichwa changu."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri, ambaye bado alikuwa anatafuna ganda, akasema, "Ndivyo ilivyoandikwa, Maulana. Maandishi ni mazuri sana."

Basi uonjaji ukaendelea. Akaja mke wa mshona viatu, akaja binti wa mwalimu na wifi yake, wakaja mapacha wa kwa mfinyanzi, ambao hawakuelewana nani alimwaga ukosha zaidi, ikabidi waonje mpaka wapatane. Kila mmoja alimeza, akatoa heshima, akasema, "Safi, Maulana." Wengine walirudi mwisho wa msafara, kwa kuwa walikumbuka wamewahi kumwaga mara ya pili. Askari wa mikuki wakanong'ona kwamba nao wameulinda mti usiku kucha, na ulinzi ni utumishi. Ngwali akasema hakika ni utumishi, sogeeni. Sultani ameketi, jua linamla, mate yanamjaa, na shina linabaki uchi mbele ya macho yake kidogo kidogo.

Hata ilipokaribia alasiri, juu hapakuwa na kitu, katikati hapakuwa na kitu. Likabakia tunda moja tu, chini kabisa, karibu na mzizi, limejificha nyuma ya gome. Mize akaliona. Ngwali akaliona. Na Sultani naye akaliona.

Ngwali akanyosha mkono alichume. Ghafla Sultani akaruka kutoka kitini, joho likanasa, kilemba kikamdondoka, akajitupa kwa mikono na magoti, akapeleka kinywa chake kwenye shina kama mwanambuzi anyonyaye, akalifyonza tunda pale pale lilipo, bila kulichuma.

Waziri akashika kichwa, "Maulana! Halijaonjwa!"

Sultani alikuwa amefumba macho.

Alipoyafumbua alijikuta amepiga magoti kwenye tope la ukosha, mbele ya kundi la wanawake, midomo ya zambarau. Bi Time ndiye aliyeanza, kicheko kikamtoka puani, na wengine wakashindwa kujizuia. Sultani akawatazama, akajitazama goti, naye akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi hapo hapo chini.

"Ngwali," akasema, "sheria yangu imevunjwa."

"Naam, Maulana. Nami nadaiwa kichwa. Lakini nilisimamia wote waliotajwa, wala hapana aliyepungua. Aliyeivunja sikuwa na mamlaka ya kumshika shingo."

"Na mti?"

"Ulisema ukila ukashiba utaung'oa. Maulana, umeshiba?"

"Kwa tunda moja!" Sultani akafoka. "Mtu gani hushiba kwa tunda moja?" Akaliona neno lake lilipompeleka, akacheka tena, akatikisa kichwa. "Mshenzi wewe. Mti utabaki hapa. Ni wako. Na wewe, Hatimu, kaichane ile sheria, na usiiandike tena kwa maneno mazuri."

Akainuka kwenda zake. Lakini Mize, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi na lilikuwa linamuumiza, akasimama mlangoni na ndoo ya ukosha mkononi.

"Maulana," akasema, "hapa kwetu aliyekula humwagilia. Nawe umekula."

Sultani akamtazama Mize, akaitazama ndoo. Kisha akakunja mikono ya joho, akaipokea, akarudi mpaka shinani, akamwaga polepole, akizunguka mti wote.

"Sasa," akasema kwa sauti ndogo, "hebu niambieni. Kwani ni kweli mkewe kadhi amerudi kwao?"

Wakamsogezea kigoda.

Hekaya yangu imekwisha onjwa. Aliyeiona tamu ameze, aliyeiona chachu ateme kokwa.