Chui na Kipindi cha Meno Nje

Niwashe?
— Washa!
Niwashe nisiwashe?
— Washa tuone!
Na aliye nyuma anaona?
— Anaona!
Basi sogeeni. Leo sogeeni hasa, maana hadithi hii sipendi kuisimulia nikiwa mbali na watu.

Hapo kale, si kale sana, kale ya televisheni za chogo, zile zenye mgongo mkubwa nyuma, palikuwa na msitu wenye televisheni moja tu. Mwenyewe alikuwa Chui. Aliipata wapi hakuna aliyemuuliza, nanyi msiniulize mimi. Kila jioni watoto wa msitu mzima walikwenda kwake kutazama. Wakifika walivua viatu mlangoni, wakanawa miguu kwenye beseni, wakaketi mkekani kimya, kama wafanyavyo watoto wote wakienda kutazama televisheni ya watu.

Walichokifuata ni kipindi kimoja cha watoto, Meno Nje, vichekesho vifupi vifupi. Mwenye kipindi alikuwa Kindi mmoja mjane, Mama Sikitu. Alikirusha moja kwa moja kutoka ndani ya kichuguu nyuma ya nyumba ya Chui, yeye na mwenzake Panya Buku. Leo Kindi anaigiza bibi anayetafuta mkia wake, na mkia ameukalia. Kesho Panya Buku anaigiza daktari anayeogopa sindano. Mle kichuguuni hawakuwaona watazamaji. Walisikia vicheko tu vikija na upepo, kwa-kwa-kwa, kwi-kwi-kwi. Kindi akivisikia hivyo, usiku analala vizuri.

Lakini hakuna kipindi kinachopendwa na wote. Mama Kanga alisema kinaharibu vifaranga, siku hizi wakitumwa wanakenua. Ngiri alisema ni upuuzi mtupu, ila hakukosa hata siku moja kuuliza jana kulikuwa na nini. Kobe alikipenda, lakini alikuwa anacheka kesho yake. Na Sikitu, binti wa Kindi mwenyewe, hakucheka kabisa. Alisema hayo yote ameshayasikia nyumbani, mama akifanya mazoezi huku anakoroga uji.

Sasa, Chui alikuwa na sharti lake. Kipindi kikiisha anasimama mlangoni, anawapitisha watoto mmoja mmoja.
"Umecheka?"
"Nimecheka, babu."
"Nenda nyumbani."
"Umecheka?"
"Nimecheka, babu."
"Nenda nyumbani."
Na ambaye hakucheka, Chui anamwambia kwa sauti ya upole kwamba asiyecheka amechoka, na aliyechoka alale hapahapa.

Asubuhi moja Kindi alipita pale akaona viatu vidogo vya mtoto wa Digidigi bado viko mlangoni. Akamuuliza Chui. Chui akasema mtoto aliondoka alfajiri. Peku? Mtoto wa Digidigi, anayelia akikanyaga hata mchanga wa moto? Kindi hakuuliza tena. Akaenda zake mbiombio bila kugeuka nyuma. Siku chache baadaye viatu vikaongezeka. Kisha vikaongezeka tena.

Hapo ndipo alipoelewa kwa nini Chui ndiye aliyekuwa mbele kwenye vikao vya wazazi kukilaumu kipindi. Alikuwa anasimama, anatikisa kichwa kwa masikitiko, anasema watoto wafundishwe adabu, wasicheke ovyo. Wazazi wanampigia makofi. Wakirudi nyumbani wanawaonya watoto kwamba nikisikia umecheka kwa Bwana Chui, utanitambua. Watoto hawacheki. Na wasipocheka, viatu vinabaki mlangoni. Kindi alijaribu kusema kikaoni habari za viatu na watoto wasioonekana. Wakamwambia Bwana Chui ameshasema hao ni watoro wasio na adabu, na yeye anatetea kitumbua chake tu.

Kisha Chui akaja kwake. Hodi ya Chui haina sauti. Kindi aliinua macho kutoka kwenye sufuria, akamwona ameshaujaza mlango.
"Mama Sikitu, mbona mwanao haji kumtazama mama yake?"
"Mwanangu hapendi vichekesho, Bwana Mkubwa."
"Huyo ndiye ninayemtaka. Kesho aje. Asipokuja, nitamfuata mwenyewe."

Akageuka kuondoka, akasita. Akashusha sauti, akalamba midomo, lamu-lamu, akauliza jambo lililokuwa linamsumbua siku nyingi. Mle ndani ya boksi wanaingiaje? Yeye ameshalizunguka, ameshalinusa, hakuona tundu, na kila jioni anawaona wamo humo, wamenona, wanacheza tu. Kindi alimtazama. Nusura amwambie ukweli. Akakoroga sufuria yake, akasema:
"Tunaingilia nyuma, Bwana Mkubwa, kwenye chogo. Mlango uko pale. Ila unafunguka tukiwa ndani tu, na haufunguki kwa mkono. Unafunguka kwa kichwa."

Kesho yake Sikitu akaenda. Kukimbia wangekimbilia wapi, na mbio za Chui wanazijua? Mama yake alimwambia neno moja tu, akae karibu na mlango.

Kichuguuni Kindi alikuwa anajifunga kitambaa cha bibi kichwani. Panya Buku alikuwa analia huku anavaa koti la daktari. Wakaanza. Kindi akaigiza bibi na mkia wake. Kimya. Panya Buku akaigiza daktari na sindano yake. Kimya. Upepo ulikuja mtupu. Watoto waliwaogopa wazazi wao, na Chui alikuwa nyuma yao, na mtoto aliyebanwa na hofu mbili hachekeshwi na mkia wa mtu. Kindi alijua kwamba kwenye mkeka ule wamo wote, na wake yumo.

Akaacha vichekesho. Akaanza kuimba, Panya Buku anamwitikia.
"Humu ndani tuko wangapi?"
"Tumejaa."
"Humu ndani tumekuwaje?"
"Tumenona."
"Na mlango?"
"Uko nyuma. Gonga kwa kichwa."
Kimya. Wakaimba tena, polepole zaidi.
"Humu ndani tuko wangapi?"
"Tumejaa."
"Humu ndani tumekuwaje?"
"Tumenona."
Panya Buku akageuka, akaelekeza makalio yake kwenye kamera, maana nyama zake zote zilikuwa huko.
"Na mlango?"
"Uko nyuma. Gonga kwa kichwa."

Upepo ukaleta mlio. Kwaruu. Kukatulia. Kisha kwaruu, kwaruu, PAA, chwaaa! Halafu hakuna kitu. Kindi alisimama mdomo wazi mbele ya kamera. Alijua kuna kilichovunjika, lakini hakujua ni boksi au ni mtoto.

Ndipo kikaja kicheko. Kilikuwa chembamba, cha kukatikakatika kama kwikwi, ki-ki-ki, na Kindi hakukitambua. Angekitambuaje? Alikuwa hajawahi kukisikia. Kilikuwa cha Sikitu. Baada yake wakacheka wote, mkeka mzima, wakisahau wazazi na maonyo yao.

Kindi alitoka mbio akayaona mwenyewe. Chui alikuwa amekwenda nyuma ya televisheni akagonga kwa kichwa, akagonga tena, kichwa kikaingia kizima kikatokea mbele kwa nguvu, kioo kikamwagika chini. Akabaki humo. Masikio yamelala, macho yametoka, mdomo umebanwa na boksi haufunguki. Watoto walikuwa wameona wengi kwenye televisheni ile, lakini mwenye nyumba hawajawahi kumwona. Akakurupuka na boksi kichwani, akagonga ukuta, pwa, akagonga mlango, pwa, akatokomea msituni waya ukimfuata. Katika wote waliokuwapo jioni ile, yeye peke yake ndiye hakucheka.

Kindi na watoto wakafungua stoo ya nyuma. Walimkuta kifaranga wa Mama Kanga na mtoto wa Ngiri, wamenoneshwa hadi hawawezi kusimama. Mtoto wa Digidigi hakuwamo. Viatu vyake Kindi alimpelekea mama Digidigi, akakaa naye mpaka asubuhi. Hapo msicheke.

Baadaye wazazi wakaketi kikao. Mama Kanga, kifaranga wake kwapani, alisema kipindi si kibaya, ila yale makalio hayakuwa na adabu. Ngiri alisema kimekatika ghafla mno. Kobe alikuwa hajacheka bado. Waliobaki wakataka kujua watoto sasa watatazama nini, na wengi wakakubaliana kwamba mwenye kosa ni Kindi.

Kindi akainuka. Akamshika mwanawe mkono wakaenda zao. Njiani akamwigizia yule bibi anayetafuta mkia. Sikitu akamwambia hicho ameshakisikia, hakichekeshi. Kindi akalia kwa furaha njia nzima.

Na funzo lake ni hili, watoto wazuri. Msikae karibu sana na televisheni, mtaumiza macho. Na mkubwa akiwaambia msicheke, msicheke. Wakubwa wanajua wanachokitaka.

Hadithi yangu inaishia hapa. Aliyeipenda aende nayo kwao. Asiyeipenda aiache hapohapo alipokaa, nitakuja kuiokota mwenyewe.