Picha za Jirani Kwenye Kompyuta ya Mnada

Nawapeni mfano, na tafadhali msigeuke kutazamana, maana huyu mama ninayetaka kumsema hayumo humu ndani. Kama umeanza kujishika kifuani mapema hivi, hilo ni lako na Mungu wako.

Walikuwapo wanawake wawili, nyumba zao zinatazamana, katikati ni kinjia tu cha kupitisha ng'ombe. Walipata kipaimara siku moja, wakaolewa mwaka mmoja, wakasali kanisa moja. Mmoja alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi pale sokoni: kadi za harusi, barua za maombi ya kazi, ratiba za maziko, zote zilipita kwake. Mwingine alikuwa mwalimu wa chekechea. Sasa niambieni, kati ya hao wawili nani alipaswa kumwonea mwenzake gere? Mwenye duka ndiye aliyekuwa na uwezo, nyumba yake ndiyo iliyoezekwa bati la msauzi, lile la gharama. Lakini hasidi hana sababu. Mwenye duka alimwonea wivu yule mwalimu mpaka chakula kikawa hakishuki.

Alimwonea wivu kwa nini? Kwa sababu mume wa mwalimu humbebea mkewe kapu wakitoka sokoni, mchana kweupe, bila kuona haya. Kwa sababu mwalimu akicheka, watu wanacheka naye kabla hawajajua kinachochekesha. Na zaidi ya yote kwa sababu ya binti wa mwalimu, Tusekile, aliyekuwa akisimama mbele ya kwaya ya watoto na kuimba peke yake, kanisa zima likanyamaza. Mwenye duka naye alikuwa na watoto, wazima, wenye akili. Hawakumtosha. Kila Tusekile alipofungua kinywa kuimba, roho ilimuuma yule mama kiasi cha kuangalia sakafu.

Basi mwalimu, kama mama yeyote, alikuwa akiweka picha kwenye stetasi ya simu yake. Leo Tusekile na sare mpya, kesho Tusekile anamshika ndama sikio. Mnajua picha hizo hukaa siku moja zikatoweka. Sisi tunazipitisha kwa kidole na kuendelea na shughuli zetu. Mwenye duka hakuzipitisha. Alizihifadhi moja moja, akazihamishia kwenye kompyuta ya dukani, na wateja wakipungua anazivuta mpaka zinajaa kioo. Anakagua pazia. Anakagua viatu. Anatafuta kasoro, akiikosa hasira zinampanda. Na kwa kuwa kompyuta inakuruhusu kuipa picha jina lolote utakalo, akazipa majina. "Pazia la mkopo." "Anajidai na mume." Kulikuwa na moja ambayo Tusekile anacheka mpaka amefumba macho. Hiyo akaiita "Kiburi kama mama yake." Mtoto aliyemaliza chekechea juzi tu, jamani, ana kiburi gani?

Halafu Tusekile akaugua homa. Wakamkimbiza hospitali kwa pikipiki, na huko njiani simu ya mama yake ikadondoka, haikuonekana tena, na picha zote za mtoto zilikuwa humo. Mtoto naye hakurudi mzima.

Mnazijua desturi zetu. Jeneza linatanguliwa na picha. Mfiwa hatoki ndani, kwa hiyo mwalimu aliketi mkekani na kuwauliza waliokuja kumpa pole, mmoja baada ya mwingine, kama wana picha ya mwanawe. Shangazi akapekua simu yake, hana. Mwalimu wa shule ya Jumapili akapekua, akapata moja ya kwaya nzima, Tusekile kajificha nusu uso nyuma ya sikio la mwenzake. Akaingia mwenye duka, akapiga magoti, akamshika mfiwa mkono.

"Jirani, nawe huna picha ya mwanangu? Hata moja?"

"Sina, jirani," akasema.

Angesema nini? Angetoa picha, angeulizwa alizipataje, na kwa nini nyingi vile. Akanyanyuka, akaenda dukani kuchapa ratiba ya maziko, kwenye kompyuta ileile. Pale mahali pa picha akaweka msalaba.

Mtasema hapo wivu ulikufa. Thubutu! Siku ya maziko alisimama kando akawatazama watu walivyojaa mpaka barabarani, akatazama wachungaji waliotoka sharika za mbali, na akajisikia anasema moyoni: mimi nikifiwa watakuja hawa wote? Akauonea wivu hata msiba. Ndugu zangu, wivu hauna adabu, unaingia hata kwenye nyumba yenye maiti.

Lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuifungua ile folda alimoweka picha. Hakuweza pia kukaa nayo. Ilipokaribia Jumapili ya mavuno akaona njia. Alikuwa amenunua kompyuta mpya, basi hii ya zamani ataitoa sadaka, ipigwe mnada pamoja na ndizi na kuku, iende zake mbali, na jina lake litajwe kwa kipaza sauti. Akaishika folda, akaitupa kwenye kile kidebe cha taka kinachokaa pembeni mwa kioo. Haikuonekana tena kwenye kioo. Akapangusa vumbi, akafunga waya, akashukuru Mungu.

Hapa naomba niwape ushauri wa bure, maana wengi wenu mna simu na kompyuta mnazogawa ovyo. Ukitupa kitu kwenye kidebe kile, hujakiondoa. Kimo. Hata ukimwaga kidebe chenyewe, umebandua jina tu, kitu kimelala humohumo, na fundi anayejua kazi yake anakitoa. Ukitaka kiondoke kweli, nakili kwanza unavyovihitaji, kisha mpe fundi aandike kitu kingine juu ya diski yote. Huyu mama alichapa kazi za watu miaka yote hiyo na hilo hakulijua.

Mnada ukafika. Mnadi akaisifia kompyuta mpaka ikang'aa. Na mnajua tabia yetu nyingine, ya kununua mnadani na kumzawadia mtu. Kina mama wa umoja wakachangishana palepale, wakaishinda bei ya watu wa mjini, kisha mwenyekiti wao akatangaza kwamba kompyuta hii wanampa mwalimu, ikamsaidie kwenye chekechea yake, na imfute machozi kidogo. Vigelegele.

Mwenye duka alipata hisia gani kwanza, mnadhani? Hofu? Hapana. Kwanza alisikia wivu: mimi hawajawahi kuninunulia hata yai. Hofu ilikuja baadaye, njiani. Akaenda kwa mwalimu, akaomba arudishiwe ile kompyuta kidogo tu akaisafishe. Mwalimu akamwambia asijisumbue, imeshakwenda kwa fundi.

Basi akaanza kuandaa maneno. Atasema ni vijana waliowahi kumsaidia dukani. Atasema mashine iliingiwa na virusi. Akawa anachungulia dirishani, anahesabu nani anaingia kwa mwalimu, na kama wakitoka wanaangalia upande wake.

Asubuhi moja mwalimu akavuka kinjia, peke yake, akakaribishwa akakaa. Macho yamevimba.

"Nimekuja kushukuru," akasema. "Nimemwona mwanangu."

Mwenye duka alikuwa na majibu ya kila lawama. La shukrani hakuwa nalo.

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo."

"Ukaniacha nimzike bila sura."

"Ningekupa, ungejua namna nilivyokuwa nikikutazama. Nilikuwa nakuonea wivu, jirani. Kwa huyu mtoto hasa. Na bado nakuonea."

Mwalimu akasema maneno ambayo natamani kila mmoja wetu ayabebe mpaka nyumbani: "Majina yote nimeyasoma. Ile uliyoiita kiburi, nimeiita Tusekile. Picha za mwanangu nimezinakili, mengine fundi ameandika juu yake, hayarudi. Kukusamehe bado, nipe muda. Ila nimekuja kushukuru kwa sababu niliwauliza ndugu zangu wote na rafiki zangu wote, na hakuna mwingine aliyekuwa naye."

Akaaga, akavuka kurudi kwake.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme moyo nao ni kompyuta, tuutakase vizuri. Mmeshalisema wenyewe, mimi nanyamaza. Na mwenye duka tumwache, ameshapata chake, maana kushukuriwa kwa dhambi yako ni kipigo kisicho na mfano. Mimi leo nina neno na sisi wengine.

Yule shangazi aliyepekua simu asipate kitu, je, hakumpenda Tusekile? Alimpenda. Mwalimu wa shule ya Jumapili hakumpenda? Alimpenda sana. Kanisa zima lilinyamaza alipoimba, likasema amina, likaenda kula wali. Kina mama wakamchangia mama yake mpaka wakawashinda watu wa mjini. Wote hao walimpenda, na kati yao wote hakuna aliyeweza kumwonyesha mama yake sura ya mtoto. Aliyemtazama yule mtoto kila siku, akajua viatu vyake, akajua anavyofumba macho akicheka, ni hasidi wake.

Tuone aibu. Tunaowaonea wivu tunajua mpaka rangi ya mapazia yao, tunajua gari limeingia saa ngapi na nani kashuka. Tunaowapenda tunawaambia "Bwana asifiwe" mlangoni huku tunatafuta viatu. Wivu wetu una macho kweli kweli. Upendo wetu unapita umefumba, na tunauita upendo, na tunategemea Mungu auite hivyohivyo.

Sasa kabla hatujasimama kuimba. Huyo uliyekaa naye benchi moja, mnasali pamoja miaka yote hii. Mtoto wake wa mwisho anaitwa nani? Nini kilimfanya akose Jumapili iliyopita? Naona wengine mnacheka, wengine mnaangalia dari. Hujui. Basi mgeukie umuulize, na umtazame usoni akikujibu. Kwaya ikae kwanza. Hatuimbi mpaka mmeulizana.