Ngazi za Bwana Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Ngazi hupanda?
Hupanda!
Na kushuka?
Mwulizeni Kiboko!

Sogeeni basi. Alikuwapo Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, akiishi na mkewe, wanawe na mama mkwe wake kwenye mwamba ulio juu ya mto. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba kwenye kompyuta. Siku moja akaja Bwana Kiboko, tumbo mbele, akasema mwamba ule ni wake. Akawafukuza wote, mama mkwe akatoka na sufuria yake ikiwa ya moto. Kisha, bila haya, akamwambia Pimbi, "Nichoree ghorofa hapa. Ukikataa, hata chini ya mwamba hutalala."

Pimbi aliumia sana. Lakini akasema, "Ndiyo, bosi."

Akachora kuta, akachora vyumba, akafika kwenye ngazi. Kompyuta ilikuwa na ngazi za tayari, pana, za kupita hata Tembo.

"Hizo ni za kila mtu," akasema Kiboko. "Nataka zangu mwenyewe. Tena zinakula vyumba vyangu vya kupangisha. Zibane."

"Ukisema nibane, bosi, nabana."

Akabana. Kompyuta ikalia, tiii! Yakatokea maandishi mekundu.

"Inasemaje hiyo?"

"Inasema ngazi ni nyembamba, bosi."

"Nani anajenga, mimi au kompyuta? Zibane."

"Ukisema nibane, bosi, nabana." Tiii!

"Zibane tena. Na hiyo kelele izime."

"Ukisema nizime, bosi, nazima."

Kompyuta ikanyamaza. Maskini, ndiyo pekee iliyomwambia ukweli siku ile.

"Sasa nionyeshe nikipanda," akasema Kiboko.

Hapo Pimbi akatabasamu. Akachora kiboko, na tumbo lake, na mashavu yake, ila kimo akampa cha pimbi. Akaivuta picha karibu, zikabaki ngazi na kiboko tu. Kiboko wa kwenye kioo akapanda, tap, tap, tap, mabega hayagusi ukuta. Kiboko mwenyewe akajipenda mno, wala hakuuliza kipimo. Bosi mzima amwulize pimbi kipimo?

Fundi Nyani akajenga kama ilivyochorwa. Kiboko alikuwa akipanda juu kwa mbao za kupitishia toroli. Siku ngazi zilipokwisha, alikuwa huko juu, amejilaza katika chumba kikubwa kuliko vyote.

"Nyani, ondoa mbao," akaagiza. "Watoto wa Pimbi wasije wakazipandia."

Mbao zikaondolewa. Jua likapanda, ngozi ikaanza kumwasha. Akauona mto chini, akaziendea ngazi. Tifu, tifu, kwaa! Kichwa kikapita, tumbo likagoma. Akarudi nyuma, akageuka, akatanguliza matako. Kwaa! Nayo yakagoma.

"Pimbi, ngazi zako mbovu."

"Ziko sawasawa na mchoro, bosi. Si ulijiona ukizipanda?"

"Rudisha mbao, nakauka."

"Mbao wamezilalia wanangu, bosi. Hawana nyumba. Rudisha mwamba, nami nirudishe mbao."

Kiboko akatukana. Jua likawaka. Kiboko akabembeleza. Jua likawaka. Ngozi ikapasuka, akalia kwa sauti, na wanyama wote wa mtoni wakaja kutazama. Mbele yao akasema, "Mwamba ni wa Pimbi."

"Na ghorofa?" akauliza mama mkwe, kashika sufuria yake.

"Na ghorofa."

Mbao zikarudi. Kiboko akateremka mbio mpaka mtoni, chubwi! Hadi leo mchana kutwa hatoki majini, anaogopa kukutana na ngazi. Na pimbi wanapanda zile zile na kushuka, tap, tap, tap, mabega hayagusi ukuta.

Basi watoto, funzo ni hili: mtiini bosi. Akisema bana, baneni. Akisema zima, zimeni. Kumsahihisha mkubwa ni utovu wa adabu.

Hadithi yangu imefika chini salama. Aliyebaki juu, atafute mbao.