Kuchi Asingwa Majivu

Hapo kale, wanangu, siku ambazo kuku walijijengea mabanda wenyewe na kufagia nyua zao kila asubuhi, palikuwa na kuku jike mdogo aitwaye Kishingo. Shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja, na kichwa chake hakikujua kutulia. Kila kitu alikihesabu, kisha akakihesabu tena.

Siku hizo alikuwa anahesabu mayai. Yalikuwa saba. Ameyalalia siku kumi na moja, zimebaki kumi. Mara iliyopita alitotoa vifaranga watano, na wiki haikuisha watatu wakafa, wamepauka midomo na miguu. Kishingo alijua ni nini kilichowanyonya damu. Ni utitiri. Kila giza likiingia aliusikia ukimtembea shingoni, tiki, tiki, tiki.

Alijua pia unakokaa. Katikati ya banda palikuwa na gogo la kulalia, kuukuu, limejaa nyufa. Mchana utitiri ulijificha mle. Usiku ulitoka kula. Na gogo hilo lilikuwa kitanda cha Bwana Kuchi, jogoo mrefu mwenye miguu kama mipini ya jembe, mkuu wa nyumba.

Kishingo akamwendea kwa adabu.

"Bwana Kuchi, tuna utitiri. Hilo gogo lako lingetolewa nje."

Kuchi alikuwa anajikuna. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Utitiri ni wa kuku wachafu, Bi Shingo. Mimi huyu?" Akainua bawa. "Haya, tazama. Uko wapi?"

Jua lilikuwa la saa sita. Hapakuwa na kitu, bila shaka.

Rafiki wa Kuchi, Bata Mzinga, akacheka hadi ngozi nyekundu ya shingoni ikatikisika. "Asiye na manyoya anatufundisha kutunza manyoya. Glu-glu-glu!"

Huyo Bata Mzinga ndiye aliyelimiliki jaa la majivu nyuma ya jiko. Kuku mdogo akilisogelea, alipigwa teke.

Kishingo akarudi kwenye mayai yake. Kulisogeza gogo kulitaka wenye nguvu wawili, na wenye nguvu mle uani walikuwa hao hao wawili. Akawaza mpaka jua likapinda. Kisha akatabasamu.

Kesho yake akaja na habari.

"Bwana Kuchi, samahani. Nilipotoka kunywa maji nimesimamishwa na shangazi yake Mwanashungi, yule mwari wa ua wa pili. Anaulizia habari zako."

Mguu wa Kuchi, uliokuwa unakuna, ukasimama hewani. "Habari zangu zipi?"

"Eti unaoa lini. Lakini achana nazo, bwana. Kwao wana mila ngumu, hutaziweza."

"Nani hataziweza?"

"Wanataka bwana harusi asingwe."

Kusinga mnakujua, wanangu. Mwari akikaribia kuolewa husuguliwa liwa na manukato mpaka ang'ae.

"Kwao husingwa mume," Kishingo akasema. "Kwa majivu makavu yaliyochungwa, na mwarobaini uliokaushwa ukapondwa. Chini ya mabawa, chini ya mkia, mpaka kwenye mashina ya manyoya. Kitanda chake hutolewa juani, nyufa zikakwanguliwa kwa mwiba, kikamwagiwa maji yanayochemka, kikapakwa mafuta. Matandiko ya zamani huchomwa yote. Na watu wote wa nyumba husingwa siku hiyo hiyo. Halafu siku ya saba yote hurudiwa."

"Mara mbili? Kwa nini?"

"Ya kwanza ni ya wakubwa. Ya pili ni ya watoto watakaotokea."

Hakusema watoto wa nani. Alijua kwamba utitiri hutaga kwenye nyufa, na mayai yake huanguliwa baada ya wakubwa kufa.

"Na hayo majivu?" Kuchi akauliza.

"Hutolewa na mpambe. Ndiye anayekula sinia moja na bwana harusi."

Bata Mzinga akakohoa. "Mpambe ni mimi, natumaini."

Basi kazi ikaanza. Kuchi akashika gogo huku, Bata Mzinga kule, wakalitoa. Kru-u-u, mpaka juani. Kishingo akakwangua nyufa moja moja kwa mwiba, akarudia zile alizozitilia shaka. Bata Mzinga akamwaga maji ya moto. Chwaaa! Vidudu vyekundu vikamiminika kama ufuta.

Bata Mzinga akainama. "Kuchi, ndugu yangu, hivi huu si uti—"

"Ni ufuta," Kuchi akasema haraka, akatazama pembeni.

"Ni ufuta," Kishingo akakubali.

Kuku wote wakagaagaa majivuni, pu, pu, pu, vumbi likafika paani. Bata Mzinga naye akasingwa, maana mpambe hawezi kutoka na sura tofauti na bwana harusi. Kishingo akatandika kiota majani mapya, akahamisha mayai moja moja. Saba.

Lakini siku ya saba Kuchi akagoma. Manyoya yalimeta, na usingizi ulikuwa mtamu.

"Nimeshatakata. Majivu tena siyataki."

Kishingo akahesabu siku. Akiacha leo, watoto wa utitiri watakua, na vifaranga wake wanaanguliwa keshokutwa. Akainamisha kichwa polepole.

"Sawa, bwana. Nitamwambia shangazi mtu umechoka. Alitaka pia kujua habari za Bata Mzinga."

Kabla hajamaliza, Kuchi alikuwa ameshika ncha ya gogo. "Unasubiri nini, mpambe? Shika kule."

Keshokutwa vifaranga saba wakatoka, miguu ya manjano, kelele tele. Wiki ikaisha. Kishingo akawahesabu, akawahesabu tena. Saba.

Ndipo Kuchi alipokuja, kifua mbele. "Bi Kishingo, mbona kimya? Bi harusi yuko wapi?"

"Amekataa, bwana. Amesikia una utitiri."

"Mimi?" Kuchi akatanua mabawa yote mawili. "Mwongo mkubwa! Njoo na mwiba, njoo na taa, pekua popote. Sina utitiri hata mmoja!"

"Ni kweli," Kishingo akasema. "Sasa huna."

Kuchi akakunja bawa moja. Akatazama gogo. Akatazama wale vifaranga saba. Akakunja la pili.

Hadithi inakomea hapo, wanangu, na nyie mkawapekue kuku wenu jioni: aibu ya kusema una utitiri ni ndogo kuliko hasara ya kuuficha.