Sultani Aliyeota Mizizi

Mji wa Sahrabadi, katika enzi ambazo hata babu wa babu zetu walizisikia tu, ulitawaliwa na Sultani Ghasani bin Mundhiri, mtu wa makamo aliyefiwa na mke, mwenye farasi elfu na watumishi wasio na idadi, na katika baraza lake ilikuwapo sheria ambayo mimi nilipoisikia nilishika kichwa: hakuna kiumbe aruhusiwaye kutia chakula mdomoni mbele ya Sultani kabla yeye hajala, wala kumwambia Sultani neno "usile", na atakayevunja mojawapo adhabu yake ni upanga. Walisema ndiyo heshima. Heshima gani hiyo, jamani.

Na katika mji huohuo aliishi mjuzi wa mitishamba, mjane, jina lake Mwana Kheriya binti Mahfudhi, ambaye kila Jumamosi asubuhi aliwatoa watu nje ya lango la mji na kuwatembeza msituni, vikapu mkononi, awafundishe mimea ya kula na ya kutibu. Akifika penye mmea huonyesha jani na shina na ua, akasema huu ni mgagani, ni mboga, na maji yake hutiwa katika sikio linalouma. Na hiki ni kivumbasi, mwenye mafua ajifukize. Na huu ni mchunga, mchungu kweli, lakini tumbo litakushukuru. Kisha huonja yeye kwanza, na kuhesabu pumzi mia, na wote wakimngoja. Na akiimaliza mia akiwa mzima, ndipo wanafunzi nao huonja.

Habari zikamfikia Sultani, aliyekuwa amechoshwa na pilau na matabibu, na nafsi yake ikatamani matembezi hayo. Akaenda na Waziri wake Shamlani na askari arobaini na mshika mwavuli, na kwa kuwa Sultani hatanguliwi na mtu, wakamweka mbele ya mstari, na Mwana Kheriya akafuata nyuma. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa maana mwalimu alikuwa nyuma ya mwanafunzi wake.

Wakafika penye kichaka kilichofanana na mnavu, ile mboga ya majani, kwa kila kitu, ila mshipa wa katikati ya jani ulikuwa mwekundu. Sultani akachuma jani, akalipeleka mdomoni. Mwana Kheriya aliuona ule mshipa. Aliuona vizuri, na neno likamfika kwenye ulimi, akakumbuka upanga, akalimeza. Namlaumu, na huenda mimi nami ningelimeza.

Sultani akatafuna, akasifu ladha, akataka kupiga hatua, mguu ukakataa. Akatazama chini, na lo, vidole vyake vilikuwa vimepasua viatu vya hariri na kuzama ardhini, na gome la kijivu lilikuwa likimpanda miguuni, polepole, mbele ya macho ya watu. Mshika mwavuli akazirai. Askari hodari, waliopigana vita saba, wakarudi nyuma.

Na katika kichaka kile pakatoka moshi, na katika moshi akasimama jini mrefu mwenye macho ya manjano, akasema kwa sauti ya upole, "Mimi ni Barkhuti, mlinzi wa mmea huu. Nimeapishwa nisimwonye anayekula wala nisimzuie anayemwokoa. Dawa yake ipo hapa, haizidi hatua saba. Huyu ni wa nane."

Waziri akauliza wako wapi hao saba. Jini akanyoosha kidole, na watu wakageuka wakaiona miti saba imesimama mstari mmoja, na katika tawi la mti wa mwisho ilikuwamo pete ya dhahabu, imemezwa nusu na gome. Sultani akaitambua. Ilikuwa muhuri wa babu yake, aliyekwenda kuwinda na asirudi, na mji mzima ukaambiwa ameliwa na simba.

"Wote walikuwa wafalme," akasema jini, "na kila mmoja alikuwa na mtu pembeni aliyeujua mmea huu. Na mtu huyo akanyamaza."

Mwana Kheriya aliposikia hayo, aibu ikamchoma kuliko hofu. Akapiga magoti penye kichaka, akatazama. Akawaona sisimizi wakila yale majani ya mshipa mwekundu, na kila mmoja akishuka hupitia mmea mdogo unaotambaa, wenye majani ya manyoya, akautafuna, ndipo akaenda zake. Akauchuma. Lakini alikuwa hajawahi kuuonja, wala hakujua wanadamu utawafanya nini.

Basi akachuma jani la mshipa mwekundu, akalila. Watu wakapiga yowe. Miguu yake nayo ikazama ardhini, na gome likamshika magotini, na akainua ule mmea wa manyoya kuupeleka mdomoni. Waziri Shamlani akachomoa upanga.

"Ewe mwanamke, hiyo ni dawa ya Sultani, nawe wataka kuila kabla yake?"

Sultani, ambaye gome lilikuwa limemfika kifuani, akasema, "Shamlani, rudisha upanga. Mwache ale kwanza. Nami nitamngoja."

Mwana Kheriya akala, akaanza kuhesabu pumzi. Ilipofika arobaini gome lilikuwa shingoni mwa Sultani, na Waziri akalia kwa sauti kwamba apewe sasa, apewe sasa. Mwana Kheriya hakumsikiliza. Ilipofika tisini gome la magotini mwake likabanduka, na ilipotimia mia akang'oa miguu ardhini, akakimbia, akautia mmea uliobaki mdomoni mwa Sultani, na gome likiwa limekwisha kugusa mdomo wa chini.

Sultani akabanduka vipande vipande, akaanguka kifudifudi, akalia mbele ya watu wake. Akataka babu yake naye apewe dawa, na Mwana Kheriya akamwonyesha kwamba mti hauna mdomo. Sultani akaufuta ule muhuri vumbi kwa kilemba chake, na papo hapo akaifuta sheria.

Baada ya miezi kadhaa Sultani akamposa Mwana Kheriya. Akamwahidi majumba na lulu na bustani, naye akavipokea, maana hakuwa mjinga. Lakini mahari aliyoitaka ilikuwa karatasi moja yenye muhuri, iliyoandikwa kwamba Mwana Kheriya anayo ruhusa ya kumwambia Sultani hapana, mbele ya watu, mahali popote. Sultani akatia muhuri. Na ninyi mnaosikiliza, mkiwa na mtu mnayempenda au mnayemwogopa, mwonyeni juu ya jani lisilofaa kabla hajalitafuna.

Wanasema siku ya harusi ile karatasi ilitumika mara tatu, na Sultani alitii zote.