Nyumba Iliyozungukwa Mara Saba

Mtumie hii yeyote unayemjua anatafuta nyumba ya kununua, ila isome wewe kwanza. Mimi imenigusa, maana kosa la huyu mama nami nimelifanya kwenye mambo mengine, tena si mara moja. Mungu anisamehe.

Palikuwa na mama mmoja mjini Makambako, fundi cherehani, watu wakimwita Mama Obadia. Miaka kumi na sita alishona sare za shule kwenye chumba cha kupanga, cherehani upande huu, kitanda upande ule. Alichokuwa akimwomba Mungu ni kimoja tu, azeekee kwenye nyumba yake mwenyewe. Akajinyima, akaweka kidogo kidogo, mpaka pesa za nyumba zikafika.

Akasikia nyumba ya Mzee Sanga, mstaafu wa reli, inauzwa. Vyumba vitatu, mabati mekundu, rangi mpya ya maziwa. Alipoiona tu moyo ukamwambia ndiyo hii. Akafunga siku tatu. Siku ya nne asubuhi akaenda na kichupa cha mafuta, akaizunguka mara saba kama wana wa Israeli walivyoizunguka Yeriko, kisha akaupaka mafuta mwimo wa mlango. Mzee Sanga alikuwa dirishani anamtazama. Akamwacha amalize.

Mchungaji wake alipopata habari alifurahi, lakini akamwambia kabla hajalipa atafute fundi aikague. Mama Obadia alikubali kwa heshima tu. Akamwendea fundi Kaduma, mwashi wa siku nyingi, mzee mpole anayekaa benchi la nyuma kanisani. Kaduma aliposikia ni nyumba ipi, aliuliza tena kama ni ile ya Mzee Sanga. Kisha akasema atakuja, na hatachukua malipo.

Akaja. Aligonga kuta kwa nyundo huku ametega sikio. Akaning'iniza timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, kwenye kona, ukuta ukaonekana umelala nje upana wa kidole. Akapanda darini kuangalia kenchi, zile mbao zinazobeba bati, akashuka na kipande kimoja mkononi. Alipokifinya kikamwagika kama pumba. Mchwa walishamaliza kazi yao. Mwisho akaomba ruhusa, akasogeza kabati la sebuleni. Nyuma yake palikuwa na ufa wa kuingiza penseli. Mzee Sanga akageuka akatazama barabarani.

Kaduma akaeleza taratibu. Kenchi zote zitolewe. Halafu lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya madirisha, haina nondo hata moja, ndiyo maana kuta zinaachana. Ivunjwe imwagwe upya. Gharama yake inakaribia theluthi ya bei ya nyumba.

"Usilipe leo, mama," akasema.

Mama Obadia alihisi kama mtu amemvua nguo mbele za watu. Akamjibu kwamba nyumba hiyo ameshaifungia, ameshaizunguka mara saba, ni yake kwa imani.

"Mama," Kaduma akasema, "Yeriko waliizunguka ili kuta zianguke. Wewe hizi unataka zisimame."

Mama hakucheka. "Fundi, umekuja hapa na roho gani?"

"Nimekuja na timazi na nyundo, mama yangu."

Hapo akili ikamwambia kwamba huyu mzee anatafuta kazi, ndiyo sababu amekataa malipo, atavuna baadaye kwenye matengenezo. Akaona amemshika.

"Kenchi umezifinya nimeona," akamwambia. "Ufa nimeuona. Lakini lenta iko ndani, imefunikwa na lipu. Hujavunja popote. Umejuaje kama haina nondo?"

Kaduma akavua kofia yake. Akaigeuzageuza mikononi mpaka Mzee Sanga naye akageuka kumtazama.

"Nyumba hii niliijenga mimi," akasema. "Mzee Sanga alikuwa safarini na reli, akaniachia vifaa kwa kuniamini. Nondo zake nilizitoa."

"Ukazipeleka wapi?"

"Ziko juu ya madirisha ya nyumba yangu."

Akasema miaka kumi na tisa, kila masika, anapita njia hii kuangalia kama bado imesimama. Mara mbili alifika mpaka mlangoni aseme, akaishia kuuliza habari za watoto.

Mzee Sanga aliketi kwenye ngazi. Mtu angetegemea ampigie kelele. Badala yake akasema kwa sauti ndogo kwamba ya nondo hakuyajua, lakini ufa aliujua. Kabati alilisogeza yeye. Rangi aliipaka wiki ile ile.

"Nilipokuona unazunguka na mafuta, mama," akasema, "nikajua huyu hatasogeza kabati."

Maneno hayo yalimwingia Mama Obadia kuliko ya nondo. Maana mnadani kwenye mitumba hakuna asiyemjua. Haulizi bei ya koti mpaka aligeuze ndani nje, avute mishono, anuse kwapa. Wauzaji wanamtania wanamwita Mama Geuza. Leo, kwa jasho la miaka kumi na sita, alitaka kufumba macho, akaita kufumba huko imani.

Siku ile hakuna aliyelipa wala aliyelipwa. Kaduma aliandika matengenezo yote kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mzee Sanga akapunguza gharama ya mbao na zege kwenye bei. Nondo alinunua Kaduma mwenyewe, na kazi yote akaifanya bure, Mama Obadia akija kila jioni kuhesabu nondo kabla zege halijamwagwa. Hakuficha kwamba anahesabu, na Kaduma hakuchukia. Mama alikaa kwenye chumba cha kupanga miezi minne zaidi.

Alipohamia, kanisani wakamwita atoe ushuhuda. Watu walikuwa tayari kusikia habari za Yeriko. Akasimama, akasema hivi:

"Nilimwomba Mungu anionyeshe nyumba. Akamtuma mtu anionyeshe, ukuta kwa ukuta. Mimi nikamwuliza ana roho gani."

Akakaa. Kwenye benchi la nyuma, mzee mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mikononi.

Funzo: Imani haimkatazi mtu kusogeza kabati. Anayekuonyesha kasoro kabla hujalipa usimhesabu kuwa adui, huenda ndiye jibu la maombi yako. Na kama kasoro uliiweka wewe, iseme mapema, kabla mvua haijaisema.